Fosfeti, asetati, Trisi au amonia: bafa ipi kwa kazi ipi?

Chukua lita moja ya maji yaliyokenekwa yenye pH 7, uyatilie mililita moja tu ya asidi hidrokloriki ya molari 1. pH inaporomoka hadi 3. Fanya hivyohivyo kwenye lita moja ya bafa ya fosfeti ya molari 0.1 iliyowekwa pH 7.2, na mita itasoma 7.18. Sasa rudia kwa bafa ya asetati ya ukolezi uleule, uliyoilazimisha kufika 7.2. Asidi ileile itaishusha hadi 6.6, na ukitumia sodiamu haidroksaidi badala ya asidi, kiasi kilekile, itapaa hadi karibu 10.8. Chupa zote mbili zina lebo inayosema "bafa, pH 7.2". Moja ni bafa kweli, yaani myeyusho unaoizuia pH isiyumbe. Nyingine ni bafa kwa lebo tu.

Ndiyo maana mtu akiniuliza bafa ipi ni nzuri, namrudishia swali: nzuri kwa kazi gani? Mwalimu wa S5 na S6 (kidato cha tano na cha sita) anayeandaa jaribio la vitendo hahitaji chupa anayoihitaji mtaalamu wa maabara kwenye kituo cha afya cha ngazi ya III, na huyo naye hafanani na mwanafunzi wa Makerere anayechezea DNA au mtu anayepima ugumu wa maji ya kisima. Nitazilinganisha zile zinazopatikana kwenye rafu zetu Uganda, na sitaficha ninazozipendelea.

Kinachofanya bafa iwe bafa

Ndani ya bafa kuna jozi: asidi dhaifu na besi mwenza wake. Ioni za haidrojeni zikiingia, besi inazidaka. Besi kali ikiingia, asidi dhaifu inaachia ioni zake na kuigeuza maji. pH haigandi mahali pamoja, husogea kidogo, kwa sababu kinachobadilika ni uwiano wa hiyo jozi, na pH hufuata logi ya uwiano:

pH = pKa + log (ukolezi wa besi ÷ ukolezi wa asidi)

pKa ni ile pH ambayo pande mbili za jozi ziko sawa, na kila asidi dhaifu ina yake. Henderson, Mmarekani, aliandika mlingano wa awali mwaka 1908. Sørensen akaleta kipimo cha pH mwaka 1909 kwenye maabara ya Carlsberg, Copenhagen, na baadaye Hasselbalch, naye Mdenmark, akauweka mlingano katika sura ya logi tunayoijua.

Kwenye mfano wa fosfeti hapo juu, lita ilikuwa na milimoli 50 za kila upande. Mililita ya asidi ilileta milimoli 1, zikawa 49 za besi na 51 za asidi. Logi ya 49 kwa 51 ni −0.017, basi. Kwenye asetati mambo ni tofauti. pKa yake ni 4.76, kwa hiyo ukiisukuma hadi 7.2, katika milimoli 100 zinabaki kama 0.36 tu upande wa asidi. Milimoli 1 ya besi inazimaliza hizo mara moja, na inayobaki inafanya inavyotaka.

Kigezo cha kwanza basi ni pKa. Iwe ndani ya uniti moja ya pH unayoitaka, na ikiwa ndani ya nusu uniti ni bora zaidi. Cha pili ni joto la mahali utakapofanyia kazi, ambalo wengi hulisahau. Cha tatu ni vitu vingine vilivyomo kwenye chombo, kwa sababu bafa ni kemikali kama nyingine na ina ugomvi wake. Ukolezi nao una uzito: fosfeti ileile ikiwa molari 0.01 badala ya 0.1, mililita ile ya asidi inaishusha kutoka 7.2 hadi 7.02.

| Bafa | pKa kwenye 25°C | Inafaa pH | Joto likipanda 10°C | Ugomvi wake |
|---|---|---|---|---|
| Asetati | 4.76 | 3.8–5.8 | karibu haisogei | hutoa mvuke wa siki |
| Sitrati | 3.13, 4.76, 6.40 | 2.5–7 | husogea kidogo sana | hushika kalsiamu na metali nyingine |
| Fosfeti | 7.20 | 6.2–8.2 | hushuka 0.03 | mashapo pamoja na kalsiamu na magnesiamu |
| HEPES | 7.5 | 6.8–8.2 | hushuka 0.14 | bei |
| Trisi | 8.1 | 7.1–9.1 | hushuka 0.28 | joto, aldehaidi |
| Boraksi | 9.24 | 8.2–10.2 | hushuka 0.08 | hushikana na sukari |
| Amonia | 9.25 | 8.3–10.2 | hushuka 0.3 | hutoroka hewani |

Darasani: asetati dhidi ya fosfeti

Hapa sisiti, asetati inashinda. Fosfeti inataka chumvi mbili za kununua na mizani inayoaminika. Asetati inataka asidi asetiki, au hata siki nyeupe ya dukani, ambayo kwa kawaida ina asidi kama asilimia 5, yaani takriban molari 0.8.

Kuna njia moja ya kuitengeneza ambayo wanafunzi hawaisahau. Pima kwa pipeti mililita 25 za asidi, weka kiashirio cha fenolfthalini, titra (ongeza tone kwa tone) kwa sodiamu haidroksaidi hadi rangi ya waridi itokee na kubaki. Asidi yote sasa imekuwa asetati. Kisha mwagia humo mililita 25 nyingine za asidi ileile ambayo haijaguswa. Rangi inapotea, na mkononi una chupa yenye kiasi sawa cha asidi na besi mwenza. Uwiano ni 1, logi yake ni sifuri, na mita inatakiwa kusoma karibu na 4.76. Mwanafunzi ameipata pKa bila kukariri chochote, na hakuna aliyepima hata gramu moja ya kitu. Shule isiyo na mita itumie karatasi za pH. Hazitatoa desimali, ila zitaonyesha vizuri kwamba matone kumi ya asidi yanabadilisha maji na hayabadilishi bafa.

Fosfeti darasani niiachie siku ya kuzungumzia damu na seli, maana iko karibu na pH ya mwili.

Kituo cha afya: fosfeti, na hapa mjadala ni wa chumvi ipi

Kwa slaidi za malaria bafa imeshachaguliwa. Giemsa, rangi ya kupakia slaidi za damu, huchanganywa na maji yenye bafa ya fosfeti pH 7.2. Kwenye pH hiyo kiini cha kimelea hutoka chekundu na saitoplazimu yake hutoka ya bluu. Maji yakiwa na asidi zaidi, eosini, ile rangi nyekundu iliyomo kwenye Giemsa, inatawala, kila kitu kinaelekea waridi na ile bluu inafifia. Yakiwa na besi zaidi, slaidi nzima inazama kwenye bluu. Vidoadoa vya Schüffner, ambavyo msomaji wa slaidi anavihitaji akishuku malaria ya aina ya ovale au vivax, ndivyo vya kwanza kupotea pH ikishuka.

Kichocheo kinachotumika sana ni gramu 0.7 za KH2PO4 na gramu 1.0 ya Na2HPO4 katika lita moja ya maji yaliyokenekwa. Mfupi, rahisi, na ndani yake mna mtego. Dada mmoja anayefanya kazi kituoni upande wa Mpondwe alinipigia simu akiwa amechoka.

"Mwalimu, Giemsa ni mpya, maji nimeyakeneka mwenyewe, na bado seli zinawaka waridi. Vimelea navitafuta kwa tochi."

"Pole, dada. Hebu nisomee lebo ya ile chumvi ya sodiamu. Isome mpaka mwisho."

"Na2HPO4... halafu nukta, halafu 12H2O."

"Na umepima ngapi?"

"Gramu moja. Si ndivyo kichocheo kinavyosema?"

Kichocheo kinasema gramu moja ya chumvi kavu isiyo na maji ndani yake, ambayo moli yake ina gramu 142. Ile yenye maji 12 ina gramu 358 kwa moli. Gramu moja ya kwanza ni milimoli 7. Gramu moja ya pili haifiki hata 3. KH2PO4 iko palepale, milimoli 5.1. Uwiano uliotakiwa kuwa 1.37 umekuwa 0.54, na pH imetoka 7.2 hadi karibu 6.8. Sasa 6.8 si pH mbaya, ndiyo ambayo maabara nyingi huitumia kuhesabu seli nyeupe za damu. Kwa malaria haifai. Ukiwa na chumvi ya maji 12, pima gramu 2.5. Ukiwa na ya maji 2, pima 1.25, hiyo hata ukikosea utapoteza 0.1 tu ya pH, lakini ya nini kukosea.

Hapo ndipo ushindani wa kweli ulipo kwa vituo vidogo: kupima mwenyewe au kununua vidonge vya bafa vya pH 7.2 vinavyoyeyushwa tu majini. Kupima mwenyewe ni nafuu kwa kila lita na kunakupa uwezo wa kurekebisha, matone machache ya myeyusho wa asilimia 2 wa Na2HPO4 kupandisha, au wa KH2PO4 kushusha. Lakini kunataka mizani inayosoma sehemu za gramu, mita iliyosawazishwa, na mtu mwenye subira ya kusoma lebo. Vidonge havina habari ya mizani. Ubaya wake ni kwamba kidonge kimoja ni cha ujazo maalumu, na ujazo huo hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, kwa hiyo mtu aliyezoea pakiti moja akiletewa nyingine anaweza kuharibu wiki nzima bila kujua.

Kwa kituo chenye mtaalamu mmoja, umeme wa kuja na kuondoka na slaidi nyingi kila siku, mimi ningenunua vidonge. Hospitali ya wilaya yenye mita nzuri ipime. Chumvi za kugawiwa kwenye mifuko isiyo na lebo kamili usizikubali hata ukipewa bure, huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Na bafa yoyote ya fosfeti iliyokaa mpaka ikaota utando au wingu, mwaga. Vijidudu vinaipenda kama sisi tunavyoipenda.

Trisi dhidi ya fosfeti: swali la joto

Trisi imekuwa mazoea kwenye maabara za baiolojia ya molekuli, na mara nyingi haki yake anapewa bila kuulizwa maswali. Hebu tumuulize.

Trisi husogea karibu 0.028 ya pH kwa kila nyuzi moja. Tuseme umeiweka pH 8.0 asubuhi Kabale, chumba kikiwa nyuzi 16. Chupa inapakiwa, inafika Arua, chumba kina nyuzi 30. Hakuna aliyeifungua, hakuna aliyeongeza kitu, na sasa ni 7.6. Fosfeti ingefanya safari hiyohiyo na kusogea 0.04. Ndani ya maabara moja pia: Trisi ya 8.0 kwenye nyuzi 25 inakuwa kama 8.6 kwenye friji na 7.7 kwenye inkubeta ya nyuzi 37.

Watu hujitetea kwamba mita yao ina fidia ya joto. Ina, lakini fidia hiyo inasahihisha mwitikio wa elektrodi tu. Bafa yenyewe imebadilika kweli, na mita inakuambia ukweli wa wakati huo. Dawa ni moja: iweke pH kwenye joto utakalolitumia, au fanya hesabu mapema na uandike kwenye lebo, "8.0 kwenye 25°C". Lebo ya Trisi isiyo na joto haijakamilika.

Kwa nini basi haijaachwa? Kwa sababu fosfeti nayo ina ugomvi wake. Vimeng'enya vinavyonakili DNA vinahitaji magnesiamu, na fosfeti huinyemelea magnesiamu. Weka kalsiamu kwenye fosfeti ya pH 7 na kitu na utaona wingu jeupe likitua chini ya bika. Juu ya pH 8 fosfeti inaanza kuchoka, wakati Trisi ndipo inapoamka. Hata kwenye mashine ya PCR, ile ya kunakili DNA, ambako mchanganyiko wa Trisi uliowekwa 8.3 kwenye nyuzi 25 unashuka hadi kama 7 kwenye nyuzi 72, kazi inakwenda kwa sababu mchanganyiko ulibuniwa kwa hesabu hiyo.

Kwa hiyo: DNA, elektroforesisi, au chochote chenye magnesiamu ndani, chukua Trisi na uheshimu joto. Kuosha seli, kuyeyusha protini, kupaka rangi, au kazi inayohama kutoka friji hadi mezani hadi inkubeta, chukua fosfeti. Ukiwa na tishu zilizohifadhiwa kwa formalini au glutaraldehaidi, Trisi usiilete karibu. Ina amini, na aldehaidi itaishambulia hiyo amini badala ya tishu yako.

HEPES inakaa katikati: haishikani sana na metali, husogea nusu ya Trisi kwa joto, na pKa yake iko pazuri kwa seli hai. Ilikuwa miongoni mwa bafa za kikundi cha Norman Good za mwaka 1966, zilizotafutwa makusudi kwa ajili ya kazi za baiolojia. Bei yake ndiyo inayoifungia nje ya maabara nyingi. Ukiwa na inkubeta ya kaboni dioksaidi ya asilimia 5, bikabonati inafanya kazi kubwa kwa gharama ndogo, kwa sababu ndiyo bafa ya damu yenyewe: bikabonati kama milimoli 24 kwa lita dhidi ya kaboni dioksaidi iliyoyeyuka milimoli 1.2, uwiano wa 20 kwa 1, na pH ya 7.4. Ukisoma sheria ya pKa niliyoitoa hapo juu, uwiano huo ni mbaya. Mwili unaumudu kwa sababu mapafu yanaitoa gesi mfululizo na figo zinasimamia bikabonati. Chupa iliyo mezani haina mapafu, kwa hiyo bikabonati nje ya inkubeta itapoteza gesi na pH yake itapanda.

Ugumu wa maji na kusawazisha mita

Anayetitra ugumu wa maji kwa EDTA, kemikali inayoshika kalsiamu na magnesiamu, anataka pH 10. Fosfeti imetoka mashindanoni papo hapo, kalsiamu unayoipima ingegeuka mashapo. Boraksi inafika 10 kwa shida, na ukingoni. Amonia pamoja na amonia kloraidi ndiyo ya kawaida, na ndiyo ninayoishauri, kwa masharti: chupa ndogo, kifuniko kinachobana, dirisha wazi. Ukiiacha wazi mchana kutwa, amonia inaondoka, kloraidi inabaki, pH inashuka, na rangi ya mwisho ya kiashirio cha Eriochrome inakuwa ya kubahatisha. Harufu ikipungua usishangilie.

Kusawazisha mita ni uchaguzi mdogo zaidi. Bafa ya pH 7 (au 6.86) huwezi kuikosa. Ya pili itegemee unachopima: 4.01 kwa juisi, maziwa na udongo wenye asidi. Ya juu kwa maji na madini. Kwa upande wa juu napenda boraksi ya 9.18 kuliko kabonati ya 10.01, kwa sababu ile ya 10.01 hunyonya kaboni dioksaidi ya hewani na kushuka kila unapoifungua. Lakini kama unapima maji ya ziwa la chumvi la Katwe, yenye kabonati nyingi kiasi kwamba ziwa lenyewe ni bafa, fungua pakiti mpya ya 10.01 siku hiyohiyo.

Bwawa la samaki

Wafugaji wa ngege na kambale nao huuliza, na kwao mpangilio wote unageuka. Bwawa lenye bikabonati kidogo linasoma pH chini ya 7 alfajiri na kupita 9 alasiri, maana mwani hunyonya kaboni dioksaidi mchana na viumbe vyote huirudisha usiku. Fosfeti, bingwa wa maabara, hapa ni adui, kwani ni mbolea na itaongeza huo huo mwani. Kinachotakiwa ni kabonati.

Pima ualikali kwanza, yaani uwezo wa maji kumeza asidi. Ukiwa chini ya miligramu 20 kwa lita, ukihesabiwa kama kalsiamu kabonati, bwawa linahitaji chokaa, na chaguo liko kati ya chokaa ya kilimo, ambayo ni mawe ya chokaa yaliyosagwa, na chokaa iliyochomwa. Ya kwanza inayeyuka polepole na haiipeleki pH mbali zaidi ya 8.3, hata ukizidisha. Ya pili inaweza kuipitisha 10 kwa saa chache na samaki wakaelea. Iliyochomwa itumie bwawa likiwa limekaushwa, kuua vimelea kwenye tope, usubiri pH ishuke ndipo upandikize vifaranga. Samaki wakishakuwa majini, ni ya kilimo peke yake.